Mia na tisa: shajara ya kulifufua gari la mwaka 1977

Jumamosi, 3 Februari 2024

Leo tumeliona. Lipo Karatu, njia ya kwenda Oldeani, chini ya mparachichi, na kuku wametaga kwenye kiti cha nyuma. Ni Land Rover Series III, ile ndefu ambayo mafundi wanaiita mia na tisa kwa sababu kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni inchi 109. Milango mitano, injini ya petroli ya lita 2.25, kadi inasema 1977. Halijawashwa tangu mwenyewe alipofariki, miaka sita iliyopita.

Niandike kwanza kwa nini nalitaka, maana nyumbani nimeulizwa hilo mara nyingi kuliko bei. Mimi ni daktari wa mifugo. Wateja wangu wako Monduli na Longido, wengi wao mbali na lami. Novemba iliyopita, kule Kitumbeine, gari langu la sasa liliwasha taa ya njano kwenye dashibodi, likapoteza nguvu, kisha likazima kabisa. Nilikuwa na chanjo za sotoka ya mbuzi na kondoo kwenye kasha la barafu. Fundi pekee aliyekuwapo ni wa pikipiki, kijana makini sana. Alifungua boneti, akatazama, akaifunga taratibu. "Daktari, hili linataka kompyuta." Kompyuta ilikuwa Arusha. Chanjo zote ziliharibika, na wafugaji waliofungia mifugo zizini tangu alfajiri wakaifungulia ikaenda malishoni bila kuchanjwa. Siku ile niliamua kwamba gari langu lijalo litakuwa lile ambalo kijana yule angeweza kulitengeneza.

Nimeongozana na fundi ninayemwamini, mzee wa mtaa wa Unga Limited, Arusha, aliyeanza kufungua magari haya akiwa kijana. Nilidhani ataanza na injini. Hakuigusa boneti. Alitandika gunia, akaingia uvunguni na nyundo ndogo, akakaa huko dakika arobaini akigonga chasisi kipande kwa kipande, nami nimechuchumaa pembeni nikisikiliza. Chuma kizima kinalia ngaa, mlio wa kengele. Kilichooza kinajibu pu, kama unagonga boga. Baada ya muda hata mimi nilianza kutofautisha.

Majibu ya nyundo: zile nguzo mbili ndefu za chasisi ni nzima toka mbele hadi nyuma. Mishikio ya springi, mizima. Chuma cha kulala cha mwisho kabisa, kile kinachobeba ndoano ya kuvutia, kimeoza. Mikono miwili ya pembeni inayobeba bodi imeoza. Sakafu ya miguuni kwa abiria, kidole kilipita.

Bodi yenyewe haina kutu hata chembe, na hapa ndipo wanunuzi wengi wanapodanganyika. Bodi ya Land Rover ni ya aloi ya alumini. Gari la kwanza lilipooneshwa Amsterdam mwaka 1948, Uingereza ilikuwa ingali na uhaba wa chuma baada ya vita, ndipo kampuni ya Rover ikatumia alumini. Alumini haishiki kutu kama chuma, lakini chasisi ni chuma, fremu za milango ni chuma, ukuta unaotenganisha injini na abiria ni chuma. Na pale alumini inapogusana na chuma penye unyevu, alumini inageuka unga mweupe. Kwa hiyo unaweza kukuta gari lina bodi inayong'aa limekalia chasisi iliyoisha. Anayepaka rangi nzuri kabla ya kuuza anajua hilo vizuri.

Kabla hatujaondoka mzee alisugua kwa brashi ya waya sehemu ya mbele ya chasisi, kulia, karibu na mshikio wa springi. Namba zikatokea. Tukazilinganisha na kadi: sawasawa. Namba ya injini nayo: sawasawa. Alinigeukia, uso umejaa vumbi la kutu. "Mwanangu, hapa kuna gari. Mengine yote ni vyuma."

Walitaja milioni 9. Tumepatana milioni 6 na laki 8, na sijatoa hata senti.

17 Februari

Sababu ya kutotoa senti ni hii: jina kwenye kadi ni la marehemu. Mama mjane anataka kuuza, watoto wote wanne wanakubali, lakini hakuna aliyewahi kwenda mahakamani. Nimewaambia nitanunua kwa msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, si kwa mwingine.

Kaka mkubwa alipiga simu kutoka Dar es Salaam, na sauti yake ilionesha ameumia. "Daktari, sisi ni familia moja, nani atakuja kukudai?"

"Shikamoo kaka. Ndio wakati mzuri wa kuandikishana, mkiwa bado mnaelewana."

Alinyamaza kidogo, kisha akacheka, akasema baba yao angejibu hivyohivyo. Wiki ijayo wanakaa kikao cha ukoo, halafu muhtasari unapelekwa Mahakama ya Mwanzo.

Naandika haya kwa urefu kwa sababu nimeona majirani wawili wakinunua magari ya zamani kwa kadi ya marehemu na karatasi ya kuandikiana kwa mjumbe. Mmoja alimaliza kulitengeneza, na mwezi huohuo akatokea mtoto wa nje ya ndoa na wakili wake. Chuma kilichooza unakikata na kuchomelea kingine. Kadi yenye kasoro haina fundi.

29 Mei

Imekamilika. Barua ya usimamizi imetoka, mkataba wa mauziano umegongwa muhuri kwa wakili, faini za barabarani tumezikagua na hakuna deni, na maombi ya kuhamisha umiliki yako TRA, mamlaka ya mapato. Ile ada ya kila mwaka ya leseni ya gari ilifutwa 2017 na kuhamishiwa kwenye bei ya mafuta, kwa hiyo gari lililolala halina ada inayojilimbikiza. Nimemkabidhi mama fedha zake mbele ya watoto wawili. Alinipa hendeli ya kuwashia, ule mkono wa chuma wa kuzungushia injini kutoka mbele, ukiwa umefungwa kwenye kanga. "Mwenyewe alikuwa haiachi," alisema.

1 Juni

Limefika Unga Limited juu ya lori. Kulipandisha kulichukua saa tatu kwa sababu magurudumu ya nyuma hayakuzunguka: lainingi za breki zimegandana na dramu. Mayai yalikuwa kumi na moja, tumemwachia mama.

8 Juni

Mpango wa kazi. Kila aliyepita gereji anauliza, "Linawaka?" Na kila mmoja anashauri tuanze na injini. Mimi mwenyewe nilitaka kulisikia, sitaficha. Mzee amekataa kabisa. Utaratibu wake ni chasisi, breki, usukani, kisha injini, halafu umeme, rangi mwisho. "Injini ikishawaka utaingiwa na kiherehere. Utataka kulitembeza kabla halijajua kusimama."

Nimeukubali, na nimeuandika ukutani kwa chaki.

20 Julai

Chasisi. Tumefungua bodi ya nyuma na kuiinua kwa mnyororo, kisha tukakata chuma cha mwisho. Ndani ya chasisi mlikuwa na udongo mkavu, mwekundu, wa Karatu kabisa. Tumetoa karai mbili. Huo ndio unaoozesha. Chasisi ya gari hili ni kama bomba la pembe nne, tope linaingia kupitia matundu, linakaa, likipata mvua linashika unyevu miezi, na chuma kinaliwa kutoka ndani ukiwa huoni kitu. Tuliingiza mpira wa maji yenye presha kwenye kila tundu hadi maji yakatoka meupe, tukaliacha juani siku tatu.

Chuma kipya kimekunjwa kwa bati nene la milimita 3, na mikono miwili vilevile. Fundi wa kuchomelea ni kijana wa jirani, na mkono wake umetulia. Mshono wake unaonekana kama magamba ya samaki. Mzee aligonga tena kote kwa nyundo yake. Ngaa, ngaa, ngaa. Baada ya hapo tumepulizia ndani ya chasisi oili chafu iliyochanganywa na dizeli kidogo. Gereji nzima ilinuka wiki moja, ila nimejiwekea kurudia kila mwaka kabla ya vuli.

Gharama hadi hapa, bila bei ya gari: milioni 2 na laki 1.

24 Agosti

Breki. Magurudumu yote manne ni ya dramu za inchi 11. Mbele kila gurudumu lina silinda mbili, na hiyo ndiyo inayowatesa watu, kwa sababu hewa inajificha. Tumebadilisha silinda zote, masta silinda, mabomba yote ya chuma na mipira. Dramu tatu zimekerezwa, ya nne ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, tumeitupa.

Kutoa upepo tulihangaika siku nzima. Mimi nakanyaga, mzee anafungua nati, tunafunga, pedali bado inazama kama unakanyaga sponji. Jioni akakumbuka mbinu ya zamani: kaza kwanza viringishi vya kurekebisha hadi lainingi zishike dramu kabisa, pistoni za silinda zisiwe na nafasi ya kurudi, ndipo utoe upepo, halafu ulegeze kidogo kidogo hadi gurudumu lizunguke huru. Dakika ishirini, pedali ikawa ngumu, juu. Sitaisahau mbinu hiyo.

Vipuri vimetoka Nairobi kwa basi, kupitia Namanga. Nilimwambia mzee kwamba mwaka 1977, mwaka wa gari hili, ndio Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka ule ukafungwa hadi 1983. Alikuwa msaidizi wa fundi wakati huo. Anasema walikata gasketi kwa maboksi ya sabuni, na oili sili iliyochoka waliivua springi yake ndogo, wakaipunguza urefu, wakairudisha ili ibane tena. Thika, Kenya, walikuwa wanaunganisha Land Rover katika kiwanda cha Leyland, mwendo wa siku moja kutoka hapa, na bado boliti haikupatikana.

21 Septemba

Rilei ya usukani. Nataka kuieleza vizuri kwa sababu sikuwahi kuisikia kabla ya gari hili, na nimeona wengi wanauza mia na tisa wakisema "usukani mzito ni kawaida yake". Si kawaida yake.

Ni silinda ya chuma iliyosimama wima ndani ya chuma cha mbele cha chasisi. Juu inapokea fimbo kutoka boksi la usukani, chini inasukuma fimbo inayokwenda kwenye magurudumu. Ndani mna shafti, na bushi zilizokatwa vipande zinazobanwa na springi yenye nguvu nyingi sana, vyote vinaogelea kwenye oili. Oili ikikauka, bushi zinang'ang'ania shafti. Usukani unakuwa mzito, na mbaya zaidi haurudi wenyewe baada ya kona. Unakata kushoto, gari linabaki kushoto.

Yetu ilikuwa imekauka na tena imegandana na chasisi kwa kutu. Siku ya kwanza tuliimwagia oili ya kulainishia kutu. Ya pili tukaigonga. Ya tatu tukapasha moto chasisi pembeni yake, tukaweka jeki chini, tukasukuma juu. Gari likanyanyuka, rilei haikutikisika. Siku ya nne, asubuhi, mzee akapasha tena, akaweka jeki, akaenda kunywa chai. Ikalia paa! kama bunduki. Imetoka.

Kuifungua ndiko kwenye hatari. Ile springi ikiponyoka inarusha vipande vya bushi kwa kasi ya kuvunja taya. Mzee aliifunga rilei kwa gunia mara tatu, akaizungushia waya, akatufukuza wote, akaitoa shafti kwa mkono wake mwenyewe, akiguna na kutueleza kila hatua kwa sauti ili tujifunze tukiwa nje ya mlango. Springi ilibaki ndani ya gunia. Shafti ilikuwa imeliwa, haifai tena.

13 Oktoba

Mji umejaa Land Rover. Kuna tamasha lake Arusha wikiendi hii, na yamekuja kutoka kila upande, ya serikali, ya utalii, ya misheni, ya mashambani. Langu liko juu ya mawe bila usukani, kwa hiyo nimekwenda kwa miguu. Mzee amevaa koti. Alitembea kati ya mistari ya magari akiinama kutazama chasisi za watu, na wenyewe wakamkaribisha kwa heshima, wengine wakimwita kwa jina.

Nimejifunza mengi kwa kuuliza. Wengi wenye mia na tisa wameshang'oa injini ya petroli na kuweka dizeli. Wenye One Ten, ile ya springi za koili iliyoanza 1983, wananiambia ningeanzia hapo, inatulia zaidi barabarani. Ni kweli inatulia zaidi. Pia ni ghali mara mbili au tatu, na ile niliyoionea Njiro mwaka jana chasisi yake ilijibu pu kila mahali.

Nimeondoka na kitu bora kuliko picha: bwana mmoja wa Babati ana rilei nzima kwenye stoo yake. Laki 1 na nusu. Itafika Jumatano.

30 Novemba

Injini. Niliwaza sana kuhusu dizeli. Wenye uzoefu wananipendekezea ile Tdi ya lita 2.5, yenye turbo, na hesabu yao ya mafuta ni ya kweli. Nimepewa makadirio ya milioni 9, ikiwa na marekebisho ya kuishika kwenye giaboksi ya zamani. Nikakaa na daftari. Ninatembea kama kilomita 900 kwa mwezi. Petroli hii itanipa kilomita 5 na nusu kwa lita, labda. Yaani lita 164, na lita moja inapita shilingi 3,000. Gari langu la sasa linakwenda kilomita 10 kwa lita. Tofauti ni kama laki 2 na elfu 20 kwa mwezi. Inauma. Lakini milioni 9 nikizigawa kwa tofauti hiyo napata zaidi ya miaka mitatu, hata kama dizeli ingekunywa sawa na gari la sasa. Tena nikibadili injini, namba kwenye kadi haitalingana na ya gari hadi nifuatilie mabadiliko TRA, na kulingana kwa namba ndiko kulikonifanya ninunue.

Kuna sababu nyingine. Injini hii ya petroli ina nguvu kama farasi 70 tu, lakini uwezo wake wa kuvuta unafika kileleni kwenye mizunguko 1,500 hadi 2,000 kwa dakika. Haihitaji kulia ili kupanda. Na haina waya wowote zaidi ya ule wa koili na plagi. Kijana wa Kitumbeine angeielewa kwa nusu saa.

Tumeipasua. Ringi zimeganda, silinda namba 3 ina mashimo ya kutu. Imechongwa hadi ovasaizi ya 40, yaani imepanuliwa sehemu 40 za elfu ya inchi, ambayo ndiyo ya mwisho. Safari ijayo itabidi kuvalisha silinda upya. Krankshafti ilikuwa haijawahi kusagwa, imesagwa mara ya kwanza, sehemu 10 tu za elfu ya inchi. Hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda, ni ile ya mgandamizo wa 7 kwa 1, iliyotengenezwa kwa ajili ya nchi zenye petroli hafifu, na hilo ni jambo jema.

Tatizo la hedi lilikuwa viti vya valvu za moshi: vimezama. Zamani risasi iliyokuwamo kwenye petroli ilifanya kama mto kati ya valvu na kiti chake. Nchi za kusini mwa Sahara ziliacha petroli ya risasi kufikia mwanzo wa 2006, hewa ya watoto wetu ikapona, ila hedi za zamani zikaanza kuliwa. Dawa yake ni kuchonga na kuingiza viti vya chuma kigumu. Laki 3 na elfu 20 kwa mkerezaji. Mwenye injini hii akikwambia anarekebisha valvu kila mwezi na nafasi inapotea, muulize juu ya viti.

18 Januari 2025

Linawaka!

Kwanza halikuwaka. Cheche ipo, petroli ipo, mpangilio wa moto 1-3-4-2 nimeukagua mwenyewe, nafasi za valvu zote nane ni sehemu 10 za elfu ya inchi. Lilikohoa moshi mweusi na kunuka petroli mbichi. Mzee akaelekeza kidole kwenye kabureta, Zenith. Uso wake wa juu hujipinda kwa joto na kwa kukazwa kupita kiasi, petroli inavuja kwa ndani na kumwagika kooni. Niliufungua, nikalaza msasa laini juu ya kioo cha dirisha, nikausugua uso ule kwa kuzungusha mkono hadi ukang'aa kote, hakuna kivuli katikati. Oringi mpya ndani. Nikafunga.

Betri ilikuwa imechoka kwa majaribio. Nikaenda kufungua ile kanga. Hendeli imeingia mbele, nikavuta juu kwa mkono mmoja, dole gumba nimeliweka upande mmoja na vidole vingine ili likirudi nyuma lisinivunje. Mara ya tatu likashika. Mlio wake ni wa chini, wa taratibu, kama mtu anayesimulia. Nilimpigia mama wa Karatu nikaweka simu karibu na injini. Hakusema kitu kwa muda. Kisha akasema, "Ndilo."

Februari 2025

Umeme umefumwa upya wote, wiki mbili. Rangi ni ileile ya maziwa, imepigwa kwa brashi na rola, inatosha. Matairi mapya 7.50-16. Bima nimekata.

29 Machi

Mvua imeanza, nami nimeanza kujifunza kuendesha. Nilipita njia ya Monduli Juu, udongo mweusi, baada ya mvua ya usiku. Kuna kitasa cha njano na kingine chekundu. Cha njano ukikisukuma chini, magurudumu ya mbele yanashika kazi, mwendo wa kawaida. Chekundu ukikivuta nyuma, gari likiwa limesimama, unapata gia nzito na magurudumu yote manne yanavuta. Kurudi kwenye magurudumu mawili lazima ukivute chekundu nyuma, kisha ukisukume mbele tena. Hapo cha njano kinaruka chenyewe juu. Wapo waliouza gari wakidhani fowili imekwama kwa kutojua hili. Na kwenye lami hakikisha kimeruka, la sivyo ekseli ya mbele na ya nyuma zinapigana zenyewe kwa zenyewe.

Mwendo wake ni 70. Ukilipeleka 85 linakwenda, ila linakuomba usiendelee. Nimebadilisha saa zangu za kuondoka nyumbani.

14 Juni

Safari ya kwanza ya kweli: Mto wa Mbu, Engaruka, hadi Engaresero chini ya Ol Doinyo Lengai. Siku mbili, ng'ombe 212, watu wanne, kasha la barafu, mapipa mawili ya maji. Nilibeba ekseli shafti moja ya nyuma ya akiba, maana kuibadilisha ni boliti sita tu na huhitaji hata jeki; haikuhitajika. Kulikuwa na kazi moja ya njiani, waya wa taa uliochomoka. Joto la maji halikupanda kwenye makorongo.

Vumbi la kule ni la majivu ya mlima, laini kama unga wa muhogo. Jioni nilifungua chujio la hewa. Ni bakuli la chuma lenye oili ya injini chini. Hewa inagonga oili, vumbi linanaswa humo. Nilikuta tope zito la kijivu, kina cha vidole viwili. Nikalimwaga kwenye dumu, nikaosha bakuli kwa petroli kidogo, nikajaza oili mpya hadi kwenye alama. Gharama yake ni chini ya lita moja ya oili. Kijana mmoja wa boma alishika tochi muda wote, na asubuhi nilipoamka alikuwa ameshafungua boneti, ananionesha kwa kidole: hii kabureta, hii koili, hii dinamo. Ile aliyoita dinamo ni altaneta. Mengine alipatia.

28 Juni

Jumla hadi leo, pamoja na bei ya gari: milioni 18 na laki 3. Bado oili sili ya gurudumu la mbele kushoto inavuja. Lile tufe la chuma linalowezesha gurudumu kukata kona lina vishimo vya kutu, na vishimo vinakula sili. Nimeagiza tufe jipya, kwa sasa naongeza oili kila Jumamosi. Mlango wa nyuma haufungi vizuri ukiwa umepakia.

Jumatatu naenda Kitumbeine. Mbuzi 430, na yule kijana wa pikipiki nimemwambia aje na spana zake.